Tengeneza Mashine Kwanza, Sauti ya Mzee Baadaye



Katika stoo nyingi za parokia, za shule, na hata katika nyumba za watu, kuna sanduku ambalo hakuna anayeligusa. Ndani mna magurudumu ya plastiki yaliyozungushiwa utepe mwembamba wa rangi ya kahawia. Kando yake kuna mashine nzito yenye vumbi. Vijana wakiiona wanacheka. Wazee wakiiona wananyamaza kidogo, maana wengine waliwahi kusemea ndani yake.

Hiyo ndiyo mashine ya rili, mama yake kaseti. Mwezi huu tutajifunza jinsi ya kuirekebisha, kwa sababu sauti zilizo katika sanduku hilo haziwezi kutoka bila yeye.

SHABAHA YA SOMO

Baada ya somo hili kikundi kiweze:-

(a) kuzijua sehemu za mashine na kazi ya kila moja;
(b) kusafisha, kupima na kurekebisha zile sehemu ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzigusa;
(c) kujua ni wakati gani wa kuacha na kumwita fundi;
(d) kucheza utepe wa zamani bila kuuharibu.

NILIVYOJIFUNZA KWA HASARA

Mwaka 2011 nilikuwa nimefanya kazi ya jamii miaka michache tu, na diploma yangu bado naiona kubwa. Kikundi kimoja cha maji nilichokuwa nikikitembelea kilikuwa na ugomvi juu ya chemchemi. Familia mbili zilidai mpaka, kila moja na wake. Mama mwenyekiti akakumbuka kwamba mwaka 1974 wazee walikaa baraza juu ya jambo hilo hilo, na katekista mmoja akawarekodi.

"Sauti ya mzee iko," akasema. "Iko stoo."

Tukatafuta, tukapata boksi limeandikwa kwa wino: Chemchemi, 1974. Sikuuliza mtu. Niliweka rili juu ya mashine, nikachomeka plagi, nikabonyeza. Dakika za kwanza sauti ilitoka safi kabisa. Watu walishika vichwa. Mzee ambaye walimzika zamani alikuwa anasalimia mkutano. Halafu akaanza: "Mpaka unaanza kwa mugumo, unashuka mpaka..."

Hapo sauti ikayumba kama ya mlevi, ikakatika. Kumbe rili ya kulia ilikuwa haivuti. Utepe ulikuwa unamwagika ndani, ukajiviringisha kwenye kijiti kinachozunguka. Mimi kwa hofu nikauvuta kwa mkono. Ukanyooka kama mfuko wa plastiki unaopasuliwa. Iliharibika kama mita moja na nusu. Kwa mwendo wa mashine ile, hizo ni sekunde kumi na sita za maneno. Nazo ndizo sekunde tulizokuwa tumezijia.

Nilimpelekea fundi mmoja wa jua kali pale sokoni. Alitazama utepe, akatazama mashine, akaniambia: "Madam, mashine ni ya kutengeneza. Hii sauti ya mzee utaitengenezea wapi?"

Neno hilo ndilo somo lote la leo. Mashine ikiharibika inatengenezeka. Utepe ukiharibika umekwisha. Kwa hiyo usiweke utepe wa thamani kwenye mashine ambayo hujaipima.

1. IJUE MASHINE YAKO

Utepe wenyewe ni ukanda wa plastiki uliopakwa unga wa chuma chenye kutu. Mjerumani Fritz Pfleumer alipata hataza ya ukanda uliopakwa unga wa chuma mwaka 1928, na mwaka 1935 kampuni ya AEG ilionyesha mashine yake ya Magnetophon huko Berlin. Kaseti ndogo tunayoijua ilikuja baadaye sana, mwaka 1963. Kwa hiyo kwa miaka mingi katikati, aliyetaka kushika sauti ya mtu alitumia rili.

Mashine ni za aina nyingi. Moja iliyopendwa na watangazaji wa redio ni Uher 4000 Report ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1961. Hubebwa begani, hutumia betri kubwa tano za tochi, na huchukua rili za upana wa sentimita 13. Nyingine ni kubwa, za kuwekwa mezani na kutumia stima. Lakini zote hufanya kazi kwa njia moja. Fungua kifuniko cha juu ufuatane nami kutoka kushoto kwenda kulia:-

Rili ya kushoto ndiyo inayotoa utepe. Ina breki kidogo ili utepe usilegee.

Hedi ni vile vipande vya chuma kinachong'aa katikati. Ya kwanza hufuta, inayofuata hurekodi na kusoma. Mashine nyingine zina ya tatu, ya kusoma tu. Hedi ni kama sikio na ulimi wa mashine.

Kapstani ni kijiti cha chuma kinachozunguka baada ya hedi. Huyu ndiye dereva. Ndiye anayeamua utepe uende kwa mwendo gani. Chini yake kuna gurudumu zito linalomsaidia asiyumbe.

Rola ya mpira hukandamiza utepe kwenye kapstani ili usiteleze.

Rili ya kulia hupokea utepe. Huvutwa na klachi, yaani kitu kinachovuta lakini kinakubali kuteleza. Ni lazima iteleze, kwa sababu rili ikiwa tupu huzunguka haraka, na ikijaa huzunguka polepole.

Belti na magurudumu madogo ya mpira yako chini ya bamba. Hayo hupeleka nguvu ya mota kwa hao wengine wote.

2. KABLA YA KUWASHA

Mashine iliyolala miaka mingi isichomekwe hivi hivi. Kwanza soma bamba lililo nyuma. Stima yetu ya Kenya ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani huwa ya volti 120 na mizunguko 60. Ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza.

Transfoma itapunguza volti, lakini haiwezi kubadilisha mizunguko. Mota nyingi za zamani hufuata mizunguko hiyo. Basi mashine ya 60 ikipewa 50 itakwenda polepole, na kazi ya sekunde 60 itaifanya kwa sekunde 72. Usihangaike kubadilisha belti wakati shida ni mota. Jenereta ya kikundi nayo ikipanda na kushuka, sauti itapanda na kushuka pamoja nayo. Mashine ya betri haina taabu hiyo.

Kama ni ya betri, fungua chumba cha betri. Zikiwa zimevuja, zitoe, kwangua ule unga, pangusa chuma mpaka king'ae, ukaushe. Usiache betri ndani ya mashine isiyotumika.

ONYO: Mashine kubwa za zamani za valvu zina umeme wa volti zaidi ya mia mbili ndani, na huweza kuushika hata baada ya kuchomoa plagi. Kikundi kishughulike na sehemu za juu na mipira tu. Upande wa nyaya ni wa fundi. Na mashine iliyokaa miaka ishirini bila stima, fundi ndiye aiwashe mara ya kwanza. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona moshi, chomoa kwanza, uliza baadaye.

3. USAFI NI NUSU YA DAWA

Ukiona sauti hafifu au iliyozibwa kama mtu anayesemea ndani ya blanketi, usikimbilie bisibisi. Mara nyingi ni uchafu. Ule unga wa kahawia hutoka kwenye utepe kidogo kidogo na kushika hedi.

Vifaa: vijiti vya pamba, kitambaa safi kisichotoa nyuzi, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, maji na sabuni kidogo, na mafuta ya cherehani.

Spiriti nyingine za hospitali zimetiwa mafuta ili zisikaushe ngozi. Zijaribu hivi: dondosha tone moja juu ya kioo, uache likauke. Kioo kikibaki safi, itumie. Kikibaki na doa au utelezi, waachie wauguzi.

Mashine ikiwa imezimwa, sugua hedi, kapstani na kila mahali utepe unapogusa. Badilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Rola ya mpira ioshe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha ikaushe vizuri. Usitumie petroli, mafuta ya taa wala thina, maana vitakula mpira na plastiki.

Halafu mafuta. Tone moja la mafuta ya cherehani pale kapstani inapoingia kwenye bamba, zungusha kwa mkono, pangusa linalobaki. Tone moja tu! Mama mmoja aliniuliza kama mafuta ya kupikia yanafaa. Hapana. Yatakauka na kuwa gundi. Wala mafuta ya gari. Na yakigusa mpira, utepe utateleza.

4. MAREKEBISHO YA MIPIRA NA KLACHI

Kazi hii ifanywe plagi ikiwa imechomolewa. Kila skrubu unayotoa iweke kwenye sahani kwa mpangilio, na mwanakikundi mmoja achore ilipotoka. Simu yenye kamera itasaidia sana hapa.

Belti. Ukifungua na kukuta belti imekuwa kama lami, usishangae. Mpira wa zamani huyeyuka hivyo. Utoe kwa kijiti na spiriti, mpaka kwenye mifereji yote. Itachafua mikono na nguo, kwa hiyo vaa nguo za shamba.

Kupata kipimo cha belti mpya, pitisha uzi mahali belti ilipokuwa inapita, bila kuvuta. Pima uzi, halafu punguza asilimia 5. Kwa mfano, uzi ukiwa sentimita 40, tafuta belti yenye mzunguko wa sentimita 38. Ikibana sana mota itachoka na sauti itatetemeka. Ikilegea itateleza.

Najua mtaniuliza habari ya mpira wa tyubu ya baiskeli. Unaweza kuutumia kuona tu kama mota inazunguka. Usiuache hapo. Ukikatwa kwa mkasi haulingani, upande huu mnene na upande ule mwembamba, na kila unapozunguka sauti inapanda na kushuka.

Rola ya mpira. Bonyeza kwa ukucha. Mpira mzima hubonyea kidogo na kurudi. Ukiwa mgumu kama kwato, au una nyufa, au una shimo pale ulipokandamizwa kwa miaka, badilisha. Usijaribu kuusugua kwa msasa, maana hautabaki duara. Na mkimaliza kazi msiache mashine ikiwa imebonyezwa kucheza, ndiyo huleta hilo shimo.

Klachi ya kulia. Hapa ndipo mimi nilipoangukia. Weka rili tupu upande wa kulia, washa mashine kama ya kucheza lakini bila utepe. Kwenye mashine nyingine kuna swichi ndogo inayozima utepe ukikatika, hiyo utaishikilia kwa kidole. Sasa gusa ukingo wa rili. Inatakiwa ivute polepole lakini kwa uthabiti, kama mtoto anayekushika mkono kwenda dukani. Ukiigusa tu ikasimama, klachi imechoka, na utepe utamwagika. Ikivuta kama ndume aliyekata kamba, itanyoosha utepe.

Klachi nyingi ni vipande viwili vinavyosuguana, katikati kuna kitambaa cha felti. Felti ikiwa na mafuta au imekwisha, haishiki. Isafishe kwa spiriti au uweke mpya ya unene ule ule. Nyingine zina springi yenye matundu ya kupandisha. Sogeza tundu moja, pima tena. Usiruke matundu matatu.

Breki. Ukisimamisha mashine inapozungusha kwa kasi, rili inayotoa utepe ndiyo inatakiwa kushikwa zaidi. Ile inayopokea ishikwe kidogo. Ikiwa kinyume, inayotoa itaendelea kuzunguka na utepe utamwagika kama matumbo. Kama zote mbili zinakamata kwa nguvu mno, utepe utakatika. Angalia kama felti za breki zimekwisha au springi imetoka mahali pake.

5. KUPIMA MWENDO KWA SAA YA MKONO

Mashine nyingi zina mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, au 9.5, au 4.7. Utajuaje kama yako inasema kweli? Huhitaji kifaa cha maabara. Fanya hivi:-

(1) Chukua utepe usio na thamani. Unyooshe mezani au kwenye sakafu safi, bila kuuvuta.
(2) Pima mita 5 na sentimita 71 na nusu. Huo ndio urefu unaopita kwa dakika moja katika mwendo wa 9.5.
(3) Mwanzo na mwisho wa kipimo, upande unaong'aa, weka alama ndogo ya kalamu nyeupe.
(4) Cheza. Alama ya kwanza ikipita kwenye hedi, anza kuhesabu. Ya pili ikipita, simamisha saa. Rudia mara tatu.

Ukipata sekunde 60, pongezi. Ikiwa 59 au 61, sikio la kawaida halitasumbuka. Ukipata 63 na nusu, sauti imeshuka nusu tone, sawa na kutoka doh kushuka hadi te. Wanakwaya wataijua mara moja, watasema: "Hapana, wimbo huu hatukuuanzia hapo!"

Mashine ikichelewa, tafuta kwa utaratibu huu: betri au stima, halafu belti, halafu rola, halafu mafuta ya kapstani, halafu rili iliyopinda inayosugua bamba. Ukimaliza yote bado inachelewa, nenda kwa fundi.

Hesabu hii itawasaidia pia kujua utepe una muda gani. Rili ya sentimita 13 yenye utepe wa kawaida wa mita 180 huchukua kama dakika 31 kwa mwendo wa 9.5. Utepe mwembamba wa mita 270 huchukua kama dakika 47. Huo mwembamba hunyooka upesi zaidi, kwa hiyo mpeni heshima yake.

6. HEDI NA HERUFI S

Hedi lazima isimame wima kabisa mbele ya utepe. Ikiinama hata kwa unene wa unywele, sauti nyembamba zinapotea. Unasikia "mai" mahali pa "masi".

Kando ya hedi kuna skrubu ndogo ya kuirekebisha, mara nyingi yenye springi chini yake. Kabla ya kuigusa:-

Kwanza, hakikisha umesafisha hedi. Pili, weka alama ya rangi juu ya skrubu na bamba ili uweze kurudi ulipotoka. Tatu, jaribu bisibisi yako kwa pini. Ikiokota pini ina sumaku, na sumaku ni adui wa hedi na wa utepe. Tafuta nyingine.

Sasa cheza utepe wa majaribio wenye mtu anayeongea. Zungusha skrubu pole pole, kidogo sana, wala usipite robo ya mzunguko. Sikiliza herufi S: "sisi", "sasa", "siku". Mahali ambapo S inakuwa kali na safi kuliko zote, simama hapo. Kama hakuna mabadiliko, rudi kwenye alama. Kama hedi imechimbika mfereji kwa kusuguliwa miaka mingi, skrubu haitasaidia.

Utepe uliorekodiwa kwenye mashine nyingine huenda ukahitaji mahali pengine kidogo. Ni kawaida. Andikeni mlipoanzia, mrudishe mkimaliza.

7. DALILI, SABABU NA DAWA

Mashine haizunguki kabisa. Angalia soketi, fyuzi, betri, halafu belti. Ukisikia mota inanguruma lakini hakuna kinachozunguka, belti imekatika au imeyeyuka.

Sauti inayumba. Belti haifai, rola ni ngumu, au kapstani ina uchafu au imekauka.

Utepe unamwagika. Klachi ya kulia imechoka, au breki hazilingani. Simamisha mara moja. Usivute kwa mkono! Chomoa plagi, zungusha kapstani kinyume taratibu mpaka utepe ujitoe wenyewe.

Utepe unapanda au kushuka na kujikunja ukingo. Rola imeinama au imechakaa, au kuna uchafu mahali utepe unapopita.

Mlio mwembamba kama wa panya. Ni uchafu, au kile kitambaa kinachokandamiza utepe kwenye hedi kimekauka, au utepe wenyewe unanata. Ukiacha unga mwingi au gundi kwenye hedi baada ya dakika chache, acha kuucheza.

Sauti iko mbali sana. Tazama kama utepe umegeuzwa. Kwa kawaida upande usiong'aa ndio unaotazama hedi.

Unasikia watu wanaongea kinyumenyume. Hapa nimewahi kuona mtu akitoka nje, akisema ni majini. Si majini. Mashine nyingi zilirekodi nusu ya juu ya utepe kwenda, halafu rili ikageuzwa na nusu ya chini ikarekodiwa kurudi. Ukiucheza kwenye mashine inayosoma upana wote, unasikia pande zote mbili, moja mbele na nyingine kinyume. Tafuta mashine inayosoma nusu, utepe hauna kosa.

8. SIKU YA KUCHEZA UTEPE WENYEWE

Kabla haijafika siku hiyo, mashine iwe imezunguka bila utepe dakika kumi, na imecheza utepe usio na thamani mwanzo hadi mwisho, kwenda mbele na kurudi, bila kumwagika hata mara moja.

Kisha tazama utepe wa mzee. Una harufu ya siki? Una ukungu? Unanata? Kama jibu ni ndiyo kwa mojawapo, usiucheze. Utenge na mingine, uweke mahali pakavu na baridi, na mtafute wataalamu wa kuhifadhi nyaraka. Ukiwa mzima lakini umekatika, unganisha kwa kukata ncha zote mbili kwa mshazari kwa wembe, na kubandika gundi maalum ya utepe upande unaong'aa. Selotepu haifai, gundi yake huvuja na kushika mizunguko ya jirani.

Jambo kubwa zaidi ni kitufe cha kurekodi. Kaseti ina vile vipande vya plastiki nyuma. Ukivivunja, haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya. Rili haina kinga hiyo. Kidole kimoja kikikosea, hedi ya kwanza inafuta huku mnangoja kusikia. Kwa hiyo mtu mmoja tu ndiye aguse vitufe. Kile cha kurekodi kifunikeni kwa karatasi ngumu na utepe wa kubandika.

Na msiucheze kwa kujifurahisha. Mara ya kwanza iwe ndiyo mara ya kunakili. Unganisheni waya kutoka tundu la kutolea sauti mpaka kwenye kompyuta au kinasa sauti cha kisasa. Kushika simu mbele ya spika kutaleta jogoo na watoto ndani ya maneno ya mzee. Tengenezeni nakala mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Utepe wenyewe msiutupe. Urudisheni kwenye boksi, msimame wima kama kitabu, mbali na spika, jiko na jua. Andikeni juu yake ni nani anaongea, wapi, na mwaka gani.

Ule utepe wa chemchemi tuliurudia baadaye, mashine ikiwa imewekwa klachi mpya. Kile kipande kilichonyooka kinatoa mlio tu, kama mtu anayesema akiwa chini ya maji. Baada yake mzee anaendelea, sauti safi: "...na hapo ndipo tumekubaliana sisi sote." Wote waliokuwa pale siku hiyo walikubaliana mahali ambapo sisi hatupajui tena. Mpaka leo familia zile mbili zinateka maji kwa zamu ya chifu, wala si kwa neno la mzee wao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika eneo letu, ni nani anaweza kuwa na rili za zamani? Nani atakwenda kuwauliza, na atawaambia nini?
2. Ni mambo gani wazee wetu walikubaliana kwa mdomo tu, bila karatasi? Nani bado anayakumbuka?
3. Sauti ya mtu ikipatikana, ni ya nani? Ya familia yake, ya kikundi, au ya kijiji chote? Tutaomba ruhusa kwa nani kabla ya kuisambaza?
4. Kuna wazee walio hai leo. Tunangoja nini kuwarekodi?

KAZI YA MWEZI

Kila kikundi chenye mashine kifanye sehemu ya 3 na ya 5 tu: usafi na kupima mwendo. Andikeni sekunde mlizopata mara tatu. Wasio na mashine wafanye swali la 4, hata kwa simu, na kuhakikisha kila nakala ina jina, mahali na tarehe.

Kazi njema, na msisahau: kwanza mashine.